Uwanja ukijaa mauzo yanakwama: ninunue mfumo gani?

Mshauri, salamu kwako.

Mimi na kaka yangu tunaendesha mgahawa ulio mwendo mfupi wa miguu kutoka uwanja mkubwa. Siku za kawaida kazi ni tulivu. Watu wanakuja, wanakula, wanalipa, wanaondoka. Mfumo wetu wa mauzo ni wa zamani, kompyuta moja kaunta na printa moja jikoni, na siku hizo hatuna ugomvi nao.

Shida ni siku za mechi na matamasha. Milango ya uwanja ikikaribia kufunguliwa, mgahawa unajaa kwa mkupuo, kisha unabaki mtupu tukio likianza, kisha unajaa tena watu wakitoka. Wahudumu wote wanapanga foleni kwenye kompyuta ile moja ili waingize oda. Printa ya jikoni inatema karatasi mfululizo hadi zinaanguka chini. Mpishi mmoja anaziokota, mwingine anauliza ipi ilitangulia. Mashine zetu mbili za kadi zinatumia laini za simu, na uwanja ukishajaa zinatafuta mtandao tu bila kupata jibu. Mwezi uliopita mteja alikatwa pesa mara mbili, akarudi kesho yake na taarifa ya benki mkononi. Wakati huohuo oda za mtandaoni zinaendelea kuingia kama kwamba ndani hatuna mtu hata mmoja.

Mhudumu wetu mzuri kuliko wote ameacha kazi. Alisema hawezi tena kusimama mbele ya watu wenye njaa akiwaambia "subirini kidogo" jioni nzima.

Wauzaji watatu wametuletea mapendekezo. Wa kwanza anauza vishikwambi, kila kitu kinafanya kazi kupitia intaneti, na ada ya mwezi kwa kila kifaa ni ndogo. Anaahidi kwamba kupokea oda kutachukua nusu ya muda wa sasa. Wa pili anataka kufunga kompyuta ndogo ya kati hapahapa mgahawani, vifaa vyote viunganishwe nayo, na ripoti ndizo ziende mtandaoni. Gharama yake ya kuanzia inakaribia mara mbili ya yule wa kwanza. Wa tatu anatupa mashine bure, ila mkataba ni wa miaka mitatu, malipo yote ya kadi yapitie kwake, naye anakata asilimia kwa kila muamala.

Kaka anamtaka wa kwanza, kwa sababu ya kasi. Mimi moyo unasita na sijui kueleza kwa nini. Tamasha kubwa liko wiki tatu zijazo. Tuchague yupi, na je, tuwahi kufunga mfumo mpya kabla ya siku hiyo?

Dada wa Jirani na Uwanja

* * *

Dada yangu,

Kusita kwako kuna hoja ndani yake, na nitaanzia hapo. Mnauziwa kasi ya kupokea oda. Lakini barua yako inaeleza jiko lililofika mwisho wa uwezo wake: karatasi ziko chini, hakuna anayejua ipi ilitangulia, na oda za mtandaoni zinazidi kumiminwa juu yake. Ukiipa kaunta kasi bila kuligusa jiko, foleni haitaondoka. Itahama kutoka mlangoni kwenda mezani, na safari hii kila aliye ndani yake atakuwa ameshalipa.

Fanya hesabu hii pamoja na kaka yako. Chukulia wateja 120 wanataka chakula cha jikoni kabla ya mechi, na jiko lenu linatoa sahani mbili kwa dakika. Kaunta ikipokea oda tatu kwa dakika, itamaliza watu wote ndani ya dakika 40. Kufikia hapo jiko limetoa sahani 80, zimebaki 40, na mtu wa mwisho atasubiri dakika 20 baada ya kulipa. Sasa leta mfumo wa kasi unaopokea oda tano kwa dakika. Watu 120 wanamalizika kwa dakika 24. Jiko limetoa sahani 48, zimebaki 72, na mtu wa mwisho anasubiri dakika 36. Angalia saa katika hali zote mbili: sahani ya mwisho inatoka dakika ya 60. Hakuna aliyekula mapema zaidi. Kilichobadilika ni kwamba mtu ambaye angeona foleni ndefu akaamua kununua kinywaji tu na kuondoka, sasa ameshalipia sahani ambayo mechi itaanza kabla hajaiona. Huyo ndiye atakayesimama mbele ya mhudumu wako kudai pesa yake.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila muuzaji liwe hili: mfumo wako unajuaje kwamba jiko limejaa, na ukishajua unafanya nini? Wengi watababaika, kwa sababu wamezoea kuonyesha uzuri wa skrini. Unachotaka kusikia ni mambo ya aina hii. Oda za mtandaoni zinaweza kusimamishwa kwa kubonyeza mara moja, au zenyewe zinapunguzwa zikifikia idadi uliyoweka, au mteja wa mtandaoni anaambiwa muda wa kusubiri uliorefushwa. Chakula kinaweza kuwekewa idadi, mathalani sahani 60, na kila kinapouzwa idadi inapungua kwenye vifaa vyote kwa pamoja, hadi kikiisha kinafungwa chenyewe na hakuna mhudumu anayekiuza tena. Kuna menyu ya siku ya tukio, fupi, inayowaka kwa saa uliyoipanga na kuzimika yenyewe.

Hiyo idadi ya kulinda jiko usiikisie. Mwaka 1961 mtafiti wa Marekani John Little alithibitisha kihesabu jambo ambalo wapishi wazoefu wanalihisi mikononi: kwa wastani, idadi ya oda zilizo ndani ya jiko ni kasi ya kuingia ukizidisha na muda ambao kila oda inakaa humo. Oda mbili kwa dakika, kila moja ikikaa dakika 18, maana yake jiko limebeba oda 36 kwa wakati mmoja. Waulize wapishi wako wanaweza kubeba ngapi bila kuanza kuchanganya. Wakisema 24, na kila oda inachukua dakika 12, basi mlango wako wa oda ni mbili kwa dakika, zikijumlishwa za mezani, za kaunta na za mtandaoni. Hiyo ndiyo namba ya kumpa muuzaji akuonyeshe inawekwa wapi kwenye mfumo wake.

Hii haimaanishi kwamba kasi ya kaunta haina faida. Vinywaji na vitu vilivyokwisha kuandaliwa havipiti jikoni, na hapo sekunde ni pesa. Siku ya tukio watenge wateja: kaunta moja ya haraka kwa visivyopikwa, malipo papo hapo, na meza kwa wanaokula. Mfumo uweze kupeleka kila kitu mahali pake, kinywaji kichapwe au kionekane kwenye skrini ya vinywaji, chakula cha moto kiende jikoni, bila mhudumu kuchagua kwa mkono. Kaunta hiyo ipigie hesabu hivi. Watu watatu wakifika kila dakika, na kila mmoja akihudumiwa kwa sekunde 80, wahudumu wanne watakuwa na kazi bila nafasi hata ya kuvuta pumzi, na foleni itaendelea kukua, maana watu hawaji kwa mpangilio. Utahitaji watano. Sekunde zikishuka hadi 40, wahudumu watatu wanatosha na nafasi inabaki. Nafasi hiyo usiione kama uvivu. Nadharia ya foleni inaonyesha kwamba kwa mhudumu mmoja anayepokea watu wanaokuja bila mpangilio, akiwa na shughuli kwa asilimia 80 ya muda wake, wastani wa watu waliopo mbele yake ni wanne. Akifika asilimia 90 wanakuwa tisa. Asilimia 95, 19. Msongamano hauongezeki kwa mstari ulionyooka. Unalipuka mwishoni.

Ukienda kuonyeshwa mfumo, peleka oda zako halisi na mhudumu wako, usikubali zile za mfano za muuzaji. Hesabu mara anazobonyeza skrini kutoka oda hadi risiti. Mwache agawe bili ya meza moja kwa watu sita, watatu wakilipa kwa kadi. Hapo ndipo mifumo mingi yenye sura nzuri inapovuliwa nguo.

Sasa mtandao, ambao kwangu ndio unaoamua kati ya hawa watatu.

Mashine zenu za kadi hazikuwa mbovu. Mnara wa simu unagawa uwezo wake kwa simu zote zilizo karibu nao, na watu maelfu kwa maelfu wakiingia uwanjani kila mmoja na simu yake, laini yako inapanga foleni pamoja nao. Kwa sababu hiyo muuzaji akikuambia kwamba intaneti ya kebo ikikatika kifaa kitahamia kwenye laini ya simu, mshukuru, lakini ujue kwamba akiba hiyo inakufaa Jumatatu asubuhi. Siku ya tamasha ndiyo siku itakayokuangusha. Intaneti yako kuu iwe ya kebo au faiba inayoingia ndani ya jengo.

Wi-Fi nayo ina mipaka yake. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, mojawapo ya mawimbi ya redio ambayo Wi-Fi inatumia, chaneli (njia) zinazotumika bila kuingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na hapo unagombania nafasi na simu za wateja zinazorusha mtandao, ruta za majirani, na hata jiko la maikrowevu, ambalo linafanya kazi kwenye masafa hayohayo. Vifaa vya wahudumu viwe kwenye masafa mengine ya Wi-Fi, 5 GHz, kwenye mtandao wao wenyewe uliotengwa na ule wa wageni. Kila kisichotembea kifungwe kwa kebo: kompyuta ya kaunta, printa, skrini za jikoni. Kebo ya kawaida ya mtandao inafika mita 100, mgahawa wako hauwezi kuizidi. Fundi akikuambia Wi-Fi inatosha kwa vyote kwa sababu kutoboa ukuta ni usumbufu, tafuta fundi mwingine.

Halafu kuna neno ambalo kila muuzaji analitamka: "mfumo unafanya kazi hata bila intaneti." Neno hilo linabeba maana nyingi mno, na tofauti zake ndizo zitakazokuokoa au kukuzamisha. Kuna mifumo ambayo intaneti ikikatika kila kishikwambi kinajitunzia oda zake peke yake: mhudumu anaendelea kuandika, lakini jikoni hakifiki kitu, na bili iliyofunguliwa kwenye kifaa kimoja haionekani kwenye kingine. Na kuna mifumo ambayo vifaa vinaendelea kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya jengo, kupitia kompyuta ya kati au moja kwa moja, na intaneti ikirudi ndipo taarifa zinapandishwa. Kwa mgahawa wa jirani na uwanja, wa aina ya pili pekee ndio mfumo.

Usibishane na muuzaji juu ya hili. Mwambie awashe mfumo wake mbele yako ukiwa na vifaa viwili, printa na skrini ya jikoni, kisha chomoa kebo ya intaneti kwenye ruta kwa mkono wako. Tuma oda. Imefika jikoni? Fungua bili kwenye kifaa cha kwanza, ongeza kitu kwenye cha pili. Imekubali? Uza chakula chenye idadi maalum kutoka kwenye vifaa vyote viwili. Idadi inalingana? Rudisha kebo, uangalie kama kuna oda iliyojirudia au kupotea. Ikiwa mfumo una kompyuta ya kati, izime ghafla kama umeme umekatika, uiwashe tena, uhesabu dakika hadi kazi irudi. Muuzaji akikataa majaribio haya, amekujibu.

Kadi zina habari yake. Baadhi ya mashine zinaweza kupokea kadi bila mtandao kwa kuhifadhi muamala kwa usimbaji, yaani kwa siri isiyosomeka na wengine, na kuutuma baadaye. Tambua kwamba wakati huo benki haijasema ndiyo. Baadaye ikisema hapana, kwa kawaida hasara ni yako, kwa hiyo mtoa huduma akuwekee kiwango cha juu cha muamala mmoja, na usome kwenye mkataba unaruhusiwa kushikilia miamala kwa muda gani kabla haijatumwa. Malipo ya simu na ya kuskani msimbo yanahitaji mtandao. Hayo ukiyategemea peke yake, uwanja ukijaa umekwama. Na jambo moja nalisema kwa msisitizo: hata hali ikiwa mbaya vipi, mhudumu asiandike namba za kadi ya mteja kwenye karatasi. Kanuni za usalama wa kadi, PCI DSS, zinakataza kabisa kuhifadhi zile tarakimu za usalama za nyuma ya kadi baada ya muamala kuidhinishwa, na karatasi iliyoachwa kaunta ni mlango wa wizi.

Yule mteja aliyekatwa mara mbili anatuambia kitu. Mara nyingi inatokea hivi: mashine inatuma ombi, benki inakubali, jibu linapotea njiani, keshia anaona "imeshindikana" na kuanza muamala mpya. Mfumo uliotengenezwa vizuri unautambua muamala uleule na kuuliza kwanza hatima yake, au unatuma wenyewe ombi la kuufuta ule wa kwanza. Muulize kila muuzaji kwa maneno haya: "Mashine ikikosa jibu, inafanya nini, na keshia anaona nini kwenye skrini?" Pia mashine ya kadi iunganishwe na mfumo, kiasi kiende chenyewe. Keshia anayeandika kiasi kwa mkono mara mia kwa jioni atakosea, na hilo si kosa la tabia yake.

Kwa jiko ningependa muachane na karatasi. Skrini ya jikoni inapanga oda kwa zamu, inaonyesha kila moja imekaa dakika ngapi, na nyingi zinajumlisha kile kinachosubiriwa kwenye oda zote, kwamba sasa hivi kinahitajika kiasi fulani cha chakula hiki, ili mpishi aandae kwa pamoja badala ya kusoma karatasi moja moja. Mpishi anapogusa "tayari", wewe unapata takwimu za kweli za muda wa jiko, zile nilizokuomba pale juu. Mkibaki na printa, karibu na jiko la kuchomea msitumie ile ya karatasi ya joto, kwa sababu karatasi yake inageuka nyeusi ikipata moto. Ipo printa ya utepe wa wino. Ina kelele, lakini jikoni inadumu.

Mikataba sasa. Yule wa tatu, wa mashine za bure, mimi nisingemsaini. Asilimia anayokata inakua siku zenu nzuri kuliko zote, na kwa miaka mitatu hamtaweza kuhamia kwa mtoa malipo mwingine hata mashine zake zikilala kila tamasha. Wapo watu wanaofaidika na mpango wa namna hiyo, hasa wenye mauzo madogo yasiyopanda wala kushuka. Ninyi sio.

Wa kwanza simkatai kwa sababu ya bei yake ndogo. Kuna mifumo ya vishikwambi iliyotengenezwa ikaweza kuzungumza ndani ya jengo bila intaneti, na akipita jaribio la kuchomoa kebo, arudi mezani. Lakini kwa jinsi ulivyomweleza, kila kitu kinapitia intaneti, na hiyo ndiyo nguzo inayoanguka kwenu kila uwanja ukijaa. Wa pili ndiye ninayemwelekea: kazi inafanyika ndani, ripoti zinatoka nje. Udhaifu wake ni kompyuta ile ya kati. Atoe nakala ya pili iliyo tayari kuchukua kazi, betri ya akiba ya UPS kwa kompyuta hiyo, ruta na swichi ya mtandao, na aeleze nani atakuja ikifa.

Yeyote mtakayemchagua, kuna vifungu vya kupigania kabla ya kalamu kugusa karatasi. Msaada upatikane kwa simu usiku wa Jumamosi, maana hapo ndipo mtakapomhitaji. Msaada wa saa za ofisi kwa biashara yenu hauna thamani. Programu isijisasishe yenyewe siku ya tukio. Leseni za vifaa vya ziada mziongeze kwa mwezi wenye matukio mengi na kuzirudisha msimu ukipoa. Takwimu zenu za mauzo mziondoe zikiwa kamili mkiamua kuhama. Na mtoa huduma wa malipo mjulisheni mapema kwamba mauzo yenu huruka siku fulani fulani, mkimpa ratiba ya uwanja. Mifumo yao ya kuzuia udanganyifu hushtuka ikiona kiasi kisicho cha kawaida, na fedha zenu zinaweza kuzuiwa kwa uchunguzi wakati mnazihitaji kulipa wauzaji wa bidhaa.

Vibarua wa siku moja kila mmoja awe na namba yake ya siri, na kufuta oda au kurudisha pesa kufanywe na wewe au kaka yako pekee. Wakati wa msongamano ndipo oda "zinapofutwa" na pesa kuingia mfukoni.

Ninyi mna bahati moja ambayo migahawa mingi haina: msongamano wenu una ratiba. Mechi ya mpira wa miguu ni dakika 90, na mapumziko kisheria hayazidi 15, kwa hiyo kati ya wimbi la kwanza na la pili mna karibu saa mbili. Tumieni muda huo kuchaji vifaa vya mkononi, kubadilisha karatasi za printa hata kama hazijaisha, kujaza friji, kurekebisha idadi za vyakula kwenye mfumo, na kuwapa watu wenu chakula na kiti. Nimesoma habari ya mhudumu wenu aliyeondoka na imeniuma. Kwenye msongamano wafanyakazi wanalipia kila kosa la mpangilio kwa nyuso zao, na sioni sababu nzito kuliko hiyo ya kununua mfumo unaoweza kumwambia mteja ukweli kuhusu muda kabla hajalipa.

Mwisho, tamasha la wiki tatu zijazo. Msifunge mfumo mpya kabla yake. Menyu haitakuwa imeingizwa sawasawa, wahudumu hawatakuwa wameizoea, na kosa la kwanza mtaligundua watu wakiwa wamejaa hadi mlangoni. Fungeni baada ya hapo, wiki tulivu, mjaribu kwenye tukio dogo kwanza.

Kwa tamasha lenyewe tumieni mlichonacho. Andikeni menyu fupi ya siku hiyo na muibandike nje, ili watu wafike kaunta wameshaamua. Zimeni oda za mtandaoni mapema, mziwashe tukio likishaanza. Wekeni mtu mmoja jikoni ambaye kazi yake ni kupokea karatasi na kuzipanga tu, asipike. Mashine za kadi ziunganisheni na intaneti ya jengo badala ya laini za simu, kama zinakubali, na mhakikishe hilo siku kadhaa kabla. Vinywaji viuzwe pembeni kwa daftari la nakala mbili lenye namba za kurasa na kisanduku chake cha pesa, wahudumu wasiende kwenye kompyuta kwa ajili ya chupa ya maji. Mwe na chenji ya kutosha. Tena, droo ya pesa kwa kawaida hufunguliwa na printa ya risiti, na printa ikigoma droo haifunguki. Ufunguo wake wa mkono uwe kwako tangu mchana.